Kona ya Tembo Asiye na Pembe

Bahasha ilikuwa imefunguliwa, kisha ikafungwa tena kwa wali.

Inspekta Pe Than aliigeuza chini ya taa ya mezani, akaikwaruza kwa ukucha. Chembe nyeupe zilizokauka zikamwangukia kwenye msuli. Aliziokota, akazisaga vidoleni, na tabasamu likamtoka bila kukusudia.

"Kuna la kuchekesha?" aliuliza Dakta Ohn Khaing.

Dakta huyu ndiye aliyekuwa akifundisha hisabati za uwezekano katika chuo hicho cha uhandisi cha Yangon. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya si zamani sana, na bado alikuwa akivaa suruali na tai katika joto lile, jambo ambalo Inspekta alilihesabu kuwa ni aina ya ushujaa.

"Hapana, Dakta. Ni hii gundi tu. Enzi zetu hatukuwa na nyingine. Daftari likichanika, rula ikivunjika, unabandika kwa wali wa jana."

"Kwa hiyo aliyefungua ni mwanafunzi."

"Kwa hiyo ni mtu anayekula wali," alisema Inspekta. "Tuanze kuukamata mji mzima?"

Dakta hakucheka. Inspekta aliangaza macho chumbani. Alikuwa amesoma katika jengo hili hili miaka miwili, kabla baba yake hajafariki na yeye kukimbilia upolisi ili mama na wadogo zake wale. Feni ya darini ilikuwa ileile, na kila ilipomaliza mzunguko ilikwaruza palepale ilipokuwa ikikwaruza zamani. Harufu ya chaki na ukuta ulionyeshewa ilimrudisha miaka ile. Alijiambia kwamba amekuja kazini.

"Nipe habari tangu mwanzo," alisema.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Bahasha yenye maswali na majibu ya mtihani ililala katika sefu ya msajili mpaka asubuhi ya mtihani. Dakta alikuja kugundua ile gundi ya wali baada ya mtihani kwisha. Aliposahihisha, akakuta wanafunzi wawili waliokaa jirani, msichana Thuzar na mvulana Lu Min, wameandika jibu moja la ajabu katika swali la mwisho. Kumi na tatu juu ya tisini na nane.

"Jibu kama hilo halidondoki kutoka mbinguni mara mbili," Dakta alisema. "Baraza la chuo linakaa leo saa nane mchana. Linataka jina la mwizi wa mtihani. Lisipoletewa jingine, litachukua hayo mawili, na watafukuzwa wote."

"Nisomee swali."

Dakta alisoma: "Watu wawili wasiojuana wanaingia katika pagoda ili kila mmoja amwage maji kwenye kona ya siku aliyozaliwa. Kuna uwezekano gani wakutane kwenye kona moja?"

Inspekta aliinua kichwa taratibu.

"Swali hili umelitoa wapi?"

"Katika makaratasi ya marehemu Mwalimu Ba Thwin. Lilikuwa halina jibu, nikaliwekea mimi mwenyewe. Moja juu ya saba."

"Kwa nini saba?"

"Siku za juma ni saba, Inspekta." Alilisema polepole, kama anayemwelekeza mzee njia.

"Siku ni saba. Kona ni ngapi?"

Dakta alianza kuzihesabu kwa vidole.

"Kona ni nane, Dakta. Jumatano imekatwa katikati. Aliyezaliwa kabla ya saa sita mchana ana kona yake, yenye sanamu ya tembo mwenye pembe. Aliyezaliwa baada ya saa sita ana yake, ya tembo asiye na pembe. Mama yako hakuwahi kukupeleka?"

"Mimi ni wa Jumapili," Dakta alisema, masikio yamemwiva. "Nilikuwa nikienda kwenye kona yangu na kurudi nyumbani. Basi jibu ni moja juu ya nane. Darasa karibu lote limeandika hivyo."

"Darasa karibu lote limekosea," alisema Inspekta, "kama nilivyokosea mimi mwaka ule Mwalimu Ba Thwin alipotupa swali hili hili."

Aliomba karatasi zote za wanafunzi zipangwe mezani, akasema anarudi. Kwanza alitaka kuiona sefu.

*

Msajili alikuwa Sein Bo. Wakati wa ujana wao walikuwa wakilala chumba kimoja bwenini, wakila katika sahani moja, na kuvaa kwa zamu koti moja la mvua. Sein Bo alikuwa kichwa cha darasa. Alipaswa kujenga madaraja, lakini mapafu yalimwangusha mwaka wa mwisho, na alipopona chuo kilimpa meza na kalamu. Tangu hapo hakuondoka.

"Tazameni nani amekuja!" Sein Bo alipiga kelele. "Polisi ameng'oa nanga! Hujanitembelea mwaka mzima, mpaka pawepo na mwizi?"

"Wewe huna wezi wa kutosha. Ungekuwa nao ningekuja kila wiki."

Walicheka, wakashikana mabega. Sein Bo alikuwa amekonda na nywele zimemwisha utosini. Juu ya mafaili yake palikuwa na tembo mdogo wa mbao, mweusi kwa kushikwashikwa. Hakuwa na pembe, na hazikuwa zimevunjika. Alichongwa hivyo.

"Bado unaye huyu?" Inspekta alimnyanyua. Ni yeye aliyemnunua nje ya pagoda, siku mtoto wa Sein Bo alipopewa jina.

"Nimtupe? Ye Lwin mwenyewe yuko mwaka wa tatu hapa hapa. Amenipita urefu, jinga lile."

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea," alisema Sein Bo, akainama kufungua sefu.

Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikaa shingoni mwa msajili. Sein Bo alieleza kwamba mchana huwa anauvua akienda kuoga, kwamba ofisi haina mlango wa maana, kwamba vijana huingia na kutoka. Alieleza mengi kuliko aliyoulizwa. Inspekta alisikiliza, na macho yake yakatua juu ya vyombo vya chakula vya mwenzake, vile vya bati vya kupandana, vilivyokuwa kwenye kiti karibu na sefu. Wali na mchuzi wa samaki.

Kila mtu chuoni hapo alikula wali mchana. Inspekta alijikumbusha hilo, akaaga.

*

Thuzar alikuwa ameketi darasani peke yake, liwa limemkauka mashavuni, mikono imefumbatana. Baba yake alikuwa fundi wa injini za boti huko Pathein, na yeye Thuzar ndiye mtoto wa kwanza wa mtaa wao kufika chuo. Hayo alikuwa ameyasema kabla hajaulizwa, kisha macho yakajaa.

"Sijaiba mimi, mjomba. Wala sijamwibia mtu jibu."

"Nani kasema umeiba? Shika chaki. Nionyeshe hiyo tisini na nane umeitoa wapi."

Msichana alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaenda ubaoni. Chaki ilipogusa ubao, alisahau kulia.

"Kona nane, lakini si sawa," alisema. "Sita zina siku nzima. Mtu kuwa wa Jumatatu ni moja juu ya saba. Wote wawili kuwa wa Jumatatu, ni saba mara saba, moja juu ya arobaini na tisa. Siku ziko sita za namna hiyo, basi sita juu ya arobaini na tisa."

"Endelea."

"Zile mbili za Jumatano ni nusu nusu. Kuwa wa Jumatano asubuhi ni moja juu ya kumi na nne. Wote wawili, moja juu ya mia moja tisini na sita. Mchana vivyo hivyo. Ukijumlisha zote ni ishirini na sita juu ya mia moja tisini na sita. Gawa kwa mbili." Akaandika, akageuka. "Wenzangu wamezigawa kona sawasawa kwa kuwa kwa macho ziko sawa. Lakini foleni ya Jumatano ni fupi, mjomba. Mimi tangu mdogo nikienda na shangazi yangu wa Jumatano, tulikuwa tukimaliza mapema."

Inspekta alikuwa amesahau kama ni polisi. Alimwona Mwalimu Ba Thwin pale ubaoni, vumbi la chaki kwenye nyusi, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole. Zikiwa nane si lazima ziwe sawa, nyati nyinyi! Alitamani mzee awe hai walau kwa dakika ile, amsikie huyu binti.

"Na Lu Min?"

"Lu Min?" Thuzar alibetua mdomo. "Hata kalamu nilimkopesha mimi. Angenichungulia ningemng'oa masikio."

Inspekta alitoa karatasi zao mbili alizokuwa amezichukua kwa Dakta, akaigeuza ya Lu Min. Nyuma yake hapakuwa na hesabu ya sehemu hata moja. Palikuwa na mraba mkubwa uliokatwa visanduku, kumi na vinne kwa kumi na vinne, kila siku imegawanywa nusu mbili. Visanduku ishirini na sita vilikuwa vimetiwa wino. Kijana alikuwa amevihesabu kimoja kimoja, kama mpanga matofali. Nyuma ya karatasi ya Thuzar palikuwa na hesabu ileile iliyokuwa ubaoni.

"Njia mbili tofauti, zimefika mlango mmoja," alimwambia Dakta aliyekuwa amesimama kizingitini kwa muda. "Anayenakili hajitengenezei njia yake mwenyewe."

Dakta aliupitia ubao mstari kwa mstari.

"Ni sahihi," alikiri. Kwa mtu mwenye tai, alikiri vizuri. "Nimewaonea. Lakini bahasha ilifunguliwa, Inspekta, na baraza halitajali visanduku. Nani basi?"

"Tumtafute aliyekosea kama wewe."

"Kama mimi?"

"Ulimwengu mzima, nani alijua kwamba kona nane zina jibu la saba? Wewe, na bahasha yako."

*

Walizipitia karatasi pamoja. Moja juu ya nane, moja juu ya nane, tena na tena. Mbili tu ndizo zilizoandikwa moja juu ya saba.

Ya kwanza ilikuwa ya Saw Eh Doh, Mkaren kutoka Hpa-An. Aliitwa. Aliingia akiwa na msalaba mdogo shingoni na uso wa mtu anayekwenda kunyongwa.

"Umepataje saba, kijana?"

"Siku saba, mjomba. Nimefanya hapo nyuma." Na kweli alikuwa amefanya, moja juu ya arobaini na tisa mara saba, mistari imenyooka.

"Na zile kona nane?"

"Sisi ni wa kanisani. Kwetu Jumatano ni Jumatano, asubuhi mpaka usiku. Kona ya nane..." Alikuna kichwa. "Nilidhani ni ya akiba."

Inspekta alicheka mpaka akashika meza. Akampa mkono, akamwambia aende akale.

"Kwa nini umemwachia?" Dakta aliuliza. "Ana jibu lilelile la bahasha."

"Mwalimu Ba Thwin alikuwa na neno lake. Usiulize jibu hili ni adimu kiasi gani. Uliza ni adimu kwa nani. Ukishajua kwamba mtu hakulelewa kwenye pagoda, saba si ajabu kwake hata kidogo. Nipe ya pili."

Karatasi ya pili ilikuwa na moja juu ya saba, tupu. Nyuma hapakuwa na alama ya kalamu. Inspekta alisoma jina lililoandikwa juu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akalisoma tena.

Ye Lwin.

Majina ya Waburma hayafichi kitu. Herufi ya mwanzo hufuata siku ya kuzaliwa, na hiyo ya Ye ni ya Jumatano mchana. Lakini Inspekta hakuhitaji herufi. Siku mtoto huyo alipozaliwa alikuwapo nje ya wodi, pamoja na Sein Bo aliyekuwa akizunguka na sigara isiyowashwa. Saa ya ukutani ilikuwa imepita sita kidogo tu, na nesi alipotoka, Sein Bo aliruka kama mtoto. "Amezikosa pembe!" alipiga kelele. "Angetoka mapema kidogo angekuwa na pembe!" Mtoto yule alikua akitaniwa kuwa ni wa nusu siku. Kila siku yake ya kuzaliwa walimpeleka kona ya tembo asiye na pembe. Katika darasa lile zima, hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba Jumatano ni mbili.

"Huyu amewahi kufeli?" Inspekta aliuliza.

"Mara mbili. Akifeli tena anaondolewa chuoni."

Inspekta alikunja karatasi ile, akaomba ruhusa ya kwenda kunywa chai.

*

Duka la chai lilikuwa palepale ng'ambo ya geti, na viti vyake bado vilikuwa vifupi vya kuwapa watu wazima maumivu ya magoti. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Inspekta, aliyekuwa amempitia Sein Bo ofisini, alimwita mhudumu kwa mlio wa busu, kama ilivyo desturi ya pale, akaagiza mbili, nzito na tamu, bila kumuuliza mwenzake. Alijua bado anakunywa hivyo.

Alikuwa amebeba kitu katika mfuko wa shati, na alikisikia kizito kuliko bastola.

"Unakumbuka swali la Mwalimu Ba Thwin? La pagoda?"

Sein Bo alicheka, na kwa muda mfupi nywele zote zikamrudi utosini.

"La kona? Nitalisahauje! Watu wawili wasiojuana." Akavuta sahani za chai, akazipanga. "Sita nzima, mbili nusu. Kumi na tatu juu ya tisini na nane. Wewe uliandika moja juu ya nane, Mwalimu akakuita mbuzi."

"Nyati."

"Nyati, haswa! Mbele ya wasichana wa usanifu."

"Na wewe akakupa chaki yake."

"Nilikaa nayo mpaka ikaisha mfukoni," alisema Sein Bo. "Siku zile, Pe Than. Siku zile nilidhani nitajenga daraja la kuvuka mto wowote."

Walikunywa. Inspekta alitamani chai isiishe. Hakupata kuichukia kazi yake kama alivyoichukia pale, lakini kule ng'ambo kulikuwa na msichana ameketi kwenye benchi anasubiri kufukuzwa. Alitoa ile karatasi, akaikunjua katikati ya vikombe.

Sein Bo aliona jina. Kisha akaona swali lililopigwa chapa. Kisha akaona jibu.

Alipitisha kidole juu ya maneno ya swali, moja moja.

"Lilikuwa ni hili?" aliuliza. "Ni swali hili?"

"Ni hili. Neno kwa neno."

"Sikulisoma." Alikuwa akinong'ona. "Nilifungua bahasha, nikaona majibu yamepangwa, nikanakili namba tu. Nilikuwa na haraka. Maswali sikuyagusa. Pe Than, ningeliona hili..."

"Ungejua kwamba si saba."

"Hata usingizini ningejua."

Alifunika uso kwa viganja. Inspekta alimsogezea kikombe.

"Mtoto alikuomba?"

"Hakuomba. Alisema akifeli tena atajitupa kwenye mashamba ya mpunga kwa mjomba wake, hataki kuniona nikiaibika. Nikampa kikaratasi. Akakitazama sana, akakichukua." Alishusha viganja. "Nilidhani namba haina mwenyewe. Nilidhani hakuna atakayeumia."

"Wameumia wawili. Mmoja ni binti wa fundi boti. Alilipata swali lako, Sein Bo, kwa njia yako ileile. Ndiyo maana wanamfukuza."

Sein Bo alimtazama kwa macho mekundu.

"Umekuja peke yako? Huna askari?"

"Ningeweza kuja na askari. Nimekuja na chai."

"Baraza ni saa nane."

"Najua."

"Na mimi najua. Mialiko nimeiandika mimi." Alijaribu kucheka, ikashindikana. Akamalizia chai yake mpaka mashapo, akainuka, akakunja upya msuli wake kiunoni kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Nisindikize mpaka ofisini. Kuna kitu nataka nikichukue."

*

Thuzar alikuwa kwenye benchi nje ya ukumbi wa baraza, na Lu Min upande wa pili, kila mmoja akitazama viatu vyake. Msajili alikuja akipitia ushoroba mrefu, Inspekta nyuma yake hatua chache. Ufunguo wa sefu haukuwa tena shingoni; alikuwa ameufunga kwenye ngumi.

Alisimama mbele ya msichana. Thuzar aliinuka haraka kwa heshima.

"Keti, binti yangu. Jibu lako ni sahihi," Sein Bo alimwambia. "Kumi na tatu juu ya tisini na nane. Mimi pia nililipata hilo, zamani."

Akamgeukia Inspekta, akamwekea tembo wa mbao mkononi.

"Mpe mtoto. Mwambie mtihani huu haukuhesabiwa, akafanye tena kwa kichwa chake. Na akifeli, akalime mpunga. Mpunga nao una heshima yake."

Alisukuma mlango, akaingia, nao ukafungwa. Ndani sauti za wazee wa baraza zilikatika, kisha ikasikika moja tu, ya taratibu, isiyokatizwa na mtu.

Thuzar alibaki amesimama. Alitazama mlango, akamtazama tembo, akamtazama mzee wa polisi ambaye macho yake yalikuwa yamelowa na hakuwa akijishughulisha kuyaficha.

"Mjomba," aliuliza kwa sauti ya chini, "yule baba ni nani?"

Inspekta Pe Than aliketi kwenye benchi kati yao, akamweka tembo juu ya goti lake.

"Yule," alisema, "ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu."